Kaunta buku ya zamu: shajara ya chanjo ya wazee wetu, Moshi

12 Juni 2023, Jumatatu

Leo mchana nimenunua kaunta buku kubwa dukani karibu na stendi, na risiti nimeigundisha ukurasa wa mwisho ili mhasibu asije akasema hakuambiwa. Kazi yenyewe ni hii: makao yetu yana wazee 23, wanawake 14 na wanaume 9, na hakuna mtu hapa, mimi muuguzi nikiwa wa kwanza kulaumiwa, anayeweza kusema nani kachanjwa korona, kwa chanjo ipi, na lini.

Nimeligundua hilo kwa aibu. Wiki iliyopita aliletwa bibi mpya kutoka Uru, na mwanawe akaniuliza, "Sista, hapa wenzake wote wamechanjwa?" Nikajibu ndiyo, haraka mno. Usiku nikakaa najiuliza ile ndiyo niliitoa wapi.

Kwenye kikao cha asubuhi wenzangu waliniuliza kwa nini nihangaike na korona sasa hivi, wakati Shirika la Afya Duniani limeshatangaza, tangu tarehe 5 Mei, kwamba dharura imekwisha. Ndoo za kunawia ziliondolewa getini siku nyingi. Moja inalowekewa maharage. Nikasema kilichokwisha ni dharura, kirusi hakijaaga. Machi mwaka huu huu shirika hilo hilo lilitoa mwongozo mpya: kijana mwenye afya njema hana haja ya kuongezewa dozi tena na tena, lakini mzee aongezewe miezi 6 au 12 baada ya dozi yake ya mwisho, kutegemea umri na maradhi aliyo nayo. Na hapa kwetu karibu kila kitanda kina presha, sukari, au vyote viwili.

Mkuu wa makao amesema niendelee, mradi nisiombe hela.

15 Juni

Siku mbili za kupekua makabati, kwa ruhusa. Nimepata kadi tisa. Moja ilikuwa ndani ya Biblia. Moja kwenye pochi, imekunjwa mara nne pamoja na kadi ya ushirika wa kahawa. Moja bintiye aliificha nyuma ya picha ya kipaimara, ndani ya fremu, na ilibidi tutafute bisibisi. Bibi mmoja alinikabidhi kadi ya kliniki kwa heshima zote. Nilipoifungua nikakuta ni ya mwanawe, kapimwa uzito mwaka 1979. Mtoto huyo sasa ana wajukuu. Nikamrudishia kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitambaa kama alivyoitoa.

Wanane wanasema walichanjwa ila hawana karatasi yoyote. "Ile ya begani" ndiyo maelezo wanayotoa wengi, na begani huchomwa mambo mengi. Sita hawajachanjwa kabisa.

Kadi nyingi ni za Janssen, na sababu yake inajulikana: shehena ya kwanza kuingia nchini, Julai 2021, ilikuwa Janssen, dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo. Tarehe 28 Julai Rais Samia akachanjwa hadharani Dar es Salaam, na picha ile wazee wangu wanaikumbuka kuliko hotuba yoyote. Janssen ilikuwa sindano moja, basi. Kadi tatu ni za Sinopharm, iliyokuja baadaye mwaka ule ule, sindano mbili.

Hizi tatu ndizo zimeniumiza kichwa. Zote zimejazwa nafasi mbili, zimepigwa mhuri, na kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa anawahesabu wenye kadi hizo kuwa "wamekamilisha". Kumbe tangu Oktoba 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishasema aliyevuka miaka 60 akipewa Sinopharm mbili aongezwe ya tatu, kwa sababu mwili wa mzee haujengi kinga ya kutosha kwa mbili hizo. Maana yake wale tuliowaona wako mbele ndio waliobaki nyuma kabisa.

Nimelifuta neno "amekamilisha" kwenye safu ya mwisho ya kaunta buku. Sijapata neno la kuweka badala yake.

22 Juni

Nimeenda kituo cha afya na majina ya wale wanane. Kijana wa takwimu alikuwa na subira ya ajabu. Tatizo ni kwamba mwaka 2021 na 2022 watu waliandikishwa kwa namba za simu, na wazee wengi hawana simu. Wakaandikishwa kwa simu ya mlezi aliyekuwepo siku hiyo. Mlezi mmoja aliacha kazi akaolewa Same, na namba tatu za wazee wangu zimekwenda naye. Nilimpigia. Alicheka, akasema ujumbe wa chanjo bado anao kwenye simu ya zamani, akanitumia picha.

Watano wamepatikana. Watatu hawapo kokote. Nimeshauriana na mratibu wa chanjo, naye akanipa jibu jepesi kuliko nilivyotegemea: asiye na kumbukumbu mhesabu kama hajaanza. Dozi ya ziada haimdhuru. Anayedhurika ni yule unayemdhania anayo kumbe hana.

Kwa hiyo: 14 wanajulikana, 3 hawajulikani, 6 bado.

4 Julai

Kikao na wazee, chini ya mparachichi, baada ya uji wa saa nne. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza dakika kumi na tano. Nimezungumza nne, zilizobaki wamezungumza wao, saa nzima na zaidi.

Babu Dereva (hapa sitaandika jina la mtu, naandika tunavyoitana) alianza kwa kutukumbusha kwamba mgonjwa wa kwanza nchini aliingilia hapa hapa, uwanja wa ndege wa KIA, Machi 2020, akalazwa Arusha. "Halafu tukaambiwa umekwisha. Halafu watu wakaanza kufa kwa changamoto ya upumuaji." Alivyotamka "changamoto ya upumuaji" wote waliguna. Mwanzoni mwa 2021 kila tangazo la msiba mlimani lilikuwa na maneno hayo, na humu ndani tulikuwa tunapiga nyungu asubuhi na jioni, mikaratusi, michaichai, tangawizi, mpaka dari ya chumba cha wanaume ikatoa ukungu. Sikuwabeza. Mimi mwenyewe nilijifukiza.

Mwalimu mstaafu akauliza kama sindano hii ni ya Marburg. Swali la maana: ugonjwa ule ulitangazwa Kagera mwezi Machi na umetangazwa kwisha tarehe 2 mwezi uliopita tu, na redioni habari hizi mbili zilikuwa zinafuatana. Nikasema hapana, Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa mpaka sasa.

Nikawaambia kwamba mtu wa kwanza duniani kupewa chanjo ya Pfizer nje ya majaribio alikuwa bibi, Margaret Keenan, huko Coventry, Uingereza, Desemba 2020, akiwa na miaka 90. Nilitegemea wafurahi kwamba wazee ndio walitangulizwa. Bibi wa Dirishani akasema, "Miaka tisini na bado anaogopa kufa?" Kikao kikavunjika kwa kicheko na sikuweza kukirudisha.

Ila kabla hawajatawanyika lilikuja swali lililonipa neno langu. Bibi wa Uru, yule mpya, aliuliza kwa nini achanjwe tena ilhali "alishamaliza". Nikaanza kueleza: kinga hupungua kadiri miezi inavyokwenda, kirusi nacho kinabadilika, chanjo haizuii kila mafua ila inapunguza kulazwa na kufa. Babu Dereva akanikata. "Mama, nyie Uru mna mfongo?" Bibi akasema upo, mfereji wa kumwagilia, unapita nyuma ya kihamba chao, shamba la migomba la nyumbani. "Ulishawahi kumaliza maji ya mfongo?" Akasema hapana, mtu ana zamu yake, ikipita anasubiri nyingine. "Basi ndiyo hiyo."

Nimerudi ofisini nikaandika juu ya ile safu tupu: ZAMU IJAYO.

11 hadi 20 Julai

Nimepita kitanda kwa kitanda. Kikao hakitoshi, mbele ya wenzao watu hujibu wanachotarajiwa kujibu. Nimejiwekea sharti la kukaa chini, si kusimama na faili mkononi, na kuuliza kwanza habari za miguu au za usingizi.

Bibi wa Dirishani amekataa, na nampa heshima yake, kwa sababu alikuwa na hoja. Mwaka 2021 binti yake alimpigia simu akamwambia chanjo ya sindano moja inagandisha damu. Angeniuliza mwaka ule ningesema ni uzushi. Safari hii nimemwambia ukweli wote: ndiyo, yapo matukio ya damu kuganda yaliyohusishwa na Janssen, ni machache mno, na yameonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo sana kuliko wake, hatari ya korona kwa mtu wa miaka 78 mwenye sukari ni kubwa kupita hiyo kwa mbali. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sasa wewe ndiye wa kwanza kuniambia kwamba lipo," akasema. "Nikitaka ya aina nyingine?" Nikamwambia tutaisubiri, nikaandika hivyo. Siri yangu: nilipotoka nilikuwa na hasira na wote waliowahi kumjibu "ni uzushi", na mmoja wao ni mimi.

Wazee wanne wana tatizo la kusahau, na kwao ridhaa ni kazi ya ndugu pamoja na wao wenyewe. Mmoja anakubali asubuhi na kukataa jioni. Dada yake akasema tuchukue jibu la asubuhi kwa sababu amekuwa mtu wa asubuhi maisha yake yote. Mwingine ana watoto wawili wa kiume, mmoja Moshi mmoja Dodoma, hawaelewani hata juu ya shamba. Mmoja kasaini, mwingine kapiga simu kunitishia. Nimeiacha fomu mezani. Si vita yangu.

2 Agosti

Hesabu ya vichupa. Kichupa cha Janssen kina dozi tano, na kikishatobolewa kinatumika ndani ya saa sita kikiwa kwenye ubaridi, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo kituo hakipendi kufungua kichupa kwa ajili ya watu wawili, na kina haki. Sisi tuna wazee 12 walioridhia na ambao muda wao umefika. Kumi na mbili haigawanyiki kwa tano.

Suluhisho lilikuwa jikoni. Wapishi wawili na mlinzi wa usiku hawajachanjwa tangu 2021, na wao ndio wanaopanda hiace kila siku kutoka Pasua na Majengo na kurudi kuwashika wazee mikono. Kumi na tano. Vichupa vitatu kamili. Mpishi mkuu alisema atakubali kama nami nitavua sweta mbele yake aone kovu langu. Hakuna kovu la korona, nikamwambia, hilo unalolifikiria ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu, la utotoni. Akasema basi anionyeshe lake.

10 Agosti

Siku yenyewe, siku mbili baada ya Nane Nane. Muuguzi wa kituo alifika saa tatu na nusu kwa bajaji, kibebeo cha chanjo kakipakata kama mtoto. Kipimajoto kilisoma nyuzi 5. Kinachotakiwa ni kati ya 2 na 8.

Tulipanga viti barazani: upande huu wanaosubiri, upande ule waliokwisha, wakae dakika kumi na tano wakiangaliwa, nusu saa kwa aliyewahi kuvimba kwa dawa yoyote. Mpango ulidumu mpaka mtu wa tatu. Babu mmoja akamaliza kuchanjwa akaenda kukaa upande wa wanaosubiri kwa sababu kule kuna kivuli, na nusura achanjwe tena. Baada ya hapo kila aliyechanjwa tulimfunga utepe wa bluu wa mshonaji kwenye kidole. Wawili wanaotumia dawa ya kuyeyusha damu tuliwabana pamba kwa dakika mbili nzima bila kusugua.

Halafu saa tano na nusu Meku (mzee wetu wa Machame, haitiki ukimwita vingine) akapimwa joto: 38.6. Akatolewa kwenye foleni. Kichupa cha tatu kilishatobolewa na dozi moja imekosa mtu.

Nikasimama getini kama mpiga debe. Mama wa dukani akasema ana haraka. Kijana wa bodaboda akasema tumbo linamuuma. Ndipo akaja muuza maziwa wetu, miaka 61, madumu mawili kwenye baiskeli, hajawahi kuchanjwa. Nikamweleza kwa dakika tano, akauliza swali moja tu, kama anaweza kuendesha baiskeli baadaye. Akakunja mkono wa shati. Akakaa robo saa yake akiwauzia wazee maziwa.

Wazee 11, wafanyakazi 3, muuza maziwa 1. Usiku watatu walipata homa ndogo, wawili walilalamikia bega. Paracetamol, maji, mtori mwepesi. Asubuhi wote wako kwenye uji.

Meku: kipimo cha malaria hasi, mkojo ulikuwa na maambukizi. Anatibiwa.

6 Septemba

Jambo la kuchekesha na kujisuta. Mmoja wa wale watatu "wasiojulikana" amepatikana. Muda wote nilikuwa namtafuta kwa jina lake la ubatizo, na yeye siku ya kuchanjwa alijitaja kwa jina la ukoo na la baba yake, kama alivyozoea kwenye mikutano ya kijiji. Alichanjwa Oktoba 2021. Nimeongeza safu kwenye kaunta buku: majina mengine. Imejaa haraka kuliko zote. Wazee wa hapa wana majina kama vihamba vina migomba.

Programu ya simu niliyopakua ya kunikumbusha tarehe nimeifuta. Ilinikumbusha saa tisa usiku, kwa sauti ya jogoo. Kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu zinatosha.

1 Oktoba, Jumapili

Siku ya Wazee Duniani. Wageni wengi, kwaya mbili, sabuni katoni tano, na mheshimiwa mmoja aliyekohoa kwenye kiganja kisha akawapa mkono wazee wote wa mstari wa mbele. Kesho ndoo za kunawia zinarudi getini. Maharage yatafute chombo kingine.

19 Oktoba

Babu Fundi amefariki usiku wa kuamkia jana. Kiharusi, cha tatu. Alikuwa fundi cherehani mjini miaka mingi, na ule utepe wa bluu wa Agosti ulitoka kwenye kikopo chake.

Naandika hapa na si kwenye faili lake kwa sababu ya yaliyofuata. Alichanjwa tarehe 10 Agosti. Jioni nilipokuwa nagawa dawa nikasikia veranda ya wanawake: "Si alichomwa ile?" Kesho yake wawili wakanikwepa macho. Nilimpigia mratibu, tukajaza fomu ya taarifa ya maudhi baada ya chanjo, ingawa zimepita zaidi ya miezi miwili na daktari ameandika sababu waziwazi. Nimejaza kwa sababu ndiyo taratibu, na kwa sababu nilitaka wazee wanione najaza. Nilikaa na fomu pale pale barazani. Mwalimu aliisoma yote, akanisahihisha tahajia sehemu mbili.

Sijui kama ilisaidia. Tuko 22.

Novemba, kwa ujumla

Mvua za El Niño. Barabara ya kutokea lami mpaka getini imekuwa mfongo wenyewe. Mgao wa umeme pia, na kila ukikatika nampigia muuguzi wa kituo kumuuliza habari za friji yake mpaka ameanza kupokea simu kwa kusema "iko salama, dada" kabla ya salamu.

Haraka yangu ni Desemba. Asiye wa huku anaweza asielewe. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wanapanda mlimani kutoka Dar, Mwanza, Dodoma na Nairobi. Mabasi yanajaa, kila kihamba kinachinja. Familia zinakuja kuwachukua wazee wetu wakale nao Krismasi. Mzee aliyekaa mwaka mzima akiona nyuso zile zile thelathini anawekwa katikati ya sebule yenye watu sitini waliosafiri usiku kucha kwenye basi lenye madirisha yaliyofungwa. Mwili huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga baada ya sindano. Kwa hiyo zamu ya mwisho ya mwaka lazima iwe Novemba, mvua inyeshe isinyeshe.

Tarehe 16 tuliahirisha, bajaji ilikwama. Tarehe 23, Alhamisi, muuguzi alikuja kwa miguu kutoka lami, gumbuti za mlinzi miguuni. Safari hii ni Pfizer. Hii hutunzwa kwenye baridi kali ya nyuzi 70 chini ya sifuri huko ghalani, kisha ikishayeyuka hukaa kwenye friji ya kawaida kwa wiki kadhaa tu. Kichupa kimoja, dozi sita: wazee watano na dobi wetu.

Meku akiwa wa kwanza, joto 36.4, amejipima mwenyewe mara mbili. Na Bibi wa Dirishani. Nilimuuliza nini kimembadilisha, nikidhani atasema ni yale mazungumzo yetu ya Julai. Akasema kila asubuhi tangu Agosti amekuwa akimchungulia muuza maziwa kupitia dirishani kuona kama ataanguka. "Miezi mitatu anapanda kile kilima na madumu. Nikasema haya."

Hali ilivyo mwisho wa mwezi: 15 wamepata dozi mwaka huu kupitia daftari hili na wako hai, 2 walikuwa na dozi ya Februari walipokuwa kwa ndugu zao, nao ni wadogo, miaka 66 na 70, hawana maradhi makubwa, zamu yao ni miezi 12, 1 fomu yake bado iko mezani kati ya Moshi na Dodoma, 4 wamekataa. Wanne hao nawaamkia kila siku kama kawaida na siwatajii chanjo ila wakiniuliza. Mmoja ameanza kuuliza.

14 Desemba

Wazee 13 wanaondoka kwa Krismasi. Kila mmoja nimempa kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki, na familia nimewatumia picha ya kadi hiyo kwa simu, pamoja na karatasi nusu: dawa zake, tarehe ya zamu ijayo, fungueni madirisha, mwenye mafua asimlishe. Mkwe mmoja ameniambia karatasi yangu ina amri nyingi kuliko za Musa. Ni nne tu.

9 Januari 2024

Wote wamerudi. Babu Dereva amerudi na kikohozi na kilo mbili zaidi. Kipimo cha haraka: chanya. Tumempa chumba cha pembeni peke yake, madirisha wazi, mlezi mmoja tu mwenye barakoa. Oksijeni 95, 94, 95.

14 Januari

Kikohozi kinapungua. Anagombana na mlezi kuhusu redio, dalili nzuri. Wazee wengine wawili tumewapima, hasi. Wenzangu wanasema "unaona, chanjo imefanya kazi." Inawezekana kabisa. Lakini mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, kama ambavyo Babu Fundi hakuthibitisha. Siwezi kuikataa hesabu ya mtu mmoja mwezi Oktoba kisha niipokee Januari.

Nimesoma kwamba COVAX imefungwa rasmi tarehe 31 Desemba. Chanjo kwa nchi kama zetu zitaendelea kupitia Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, kwa makundi yaliyo hatarini, mwaka huu na ujao. Nimemuuliza mratibu hiyo ina maana gani kwa friji ya hapa. Akasema tungoje.

8 Machi

Tumengoja. Zamu ya waliochanjwa Agosti ilifika tarehe 10 Februari kwa wale wenye zaidi ya miaka 75 au wenye maradhi sugu, na friji haikuwa na kitu wiki ile wala iliyofuata.

Mtoto wa Mwalimu yuko Australia, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko. Alipiga simu ya video akataka kuona daftari. Anasema mwongozo wao sasa ni kila miezi 6 kwa wenye miaka 75 na zaidi, kila miezi 12 kwa wa 65 hadi 74, na kwamba kila nyumba hufuatiliwa ni wangapi wamefikia na wangapi wamepitwa. Mwalimu akanitazama. "Sista naye anafuatilia," akamwambia mwanawe kwa sauti ya darasani. "Kwa mkono." Sikujua nicheke au nilie, nikamwonyesha safu ya majina mengine.

14 Machi

Mratibu amepiga simu saa kumi jioni. Kichupa kimoja cha Pfizer, dozi sita, Jumanne.

Waliofikia zamu ni tisa: saba wa Agosti na wale wawili wa Februari mwaka jana. Nilikaa na daftari barazani nikifikiria, na barazani hakuna siri. Babu Dereva akauliza nahesabu nini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema yeye si aliugua Januari, mwili wake bado una habari ya ugonjwa, amruke. Ana miaka 81. Nilimpigia mratibu kuhakikisha. Akasema aliyeugua karibuni anaweza kungoja miezi kadhaa bila neno.

Wanane, dozi sita. Wawili wa Februari ndio wadogo kuliko wote na wenye afya kuliko wote, na ndio waliokaa muda mrefu zaidi bila dozi, miezi kumi na mitatu. Nimewaandika sita wengine kwa kalamu. Wao wawili nimewaandika chini yao, kwa penseli.